Folda ni ya shule, lakini mafaili ni ya nani?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule binafsi ya sekondari mkoani Morogoro. Mitihani, alama na kumbukumbu za wanafunzi wetu ziko kwenye folda ya Google Drive ambayo mwalimu wetu wa kompyuta aliifungua kwa Gmail yake mwenyewe, akatushirikisha walimu wote. Mwaka huu ameacha kazi, na tumeagana vizuri. Wiki iliyopita mafaili ya alama za kidato cha tatu yalitoweka kwa kila mtu. Kumbe mwenzetu mmoja alikuwa anafuta vitu kwenye kompyuta ya ofisi ili kupata nafasi. Sasa mkuu wa shule anasema mambo haya ya wingu hayaaminiki, turudi kwenye flashi. Naomba unifafanulie tangu mwanzo: mafaili yanakaa wapi, ni ya nani, kwa nini mmoja akifuta yapotee kwa wote, na je, tuondoke au tubaki?

JIBU: Mwalimu, salama, na poleni kwa msukosuko huo. Kabla sijafafanua lolote, naomba mfanye mambo mawili leo hii, kwa sababu yana siku zake za mwisho.

La kwanza ni kuyatafuta hayo mafaili ya kidato cha tatu. Katika Google Drive, faili likifutwa na mwenye nalo huenda kwenye tupio, na tangu Oktoba 2020 tupio hilo hujisafisha lenyewe: kilichokaa humo siku 30 huondolewa moja kwa moja. Wiki moja mmeshaitumia. Mwombeni mwenzenu aliyefuta aingie kwenye akaunti yake kupitia kivinjari, afungue tupio na kutazama. Akiyakuta, ayarejeshe. Asipoyakuta msikate tamaa, maana huenda hayakufutwa kabisa. Mtu akiondoa kwenye folda ya pamoja faili ambalo si lake, wote mtaliona limetoweka, lakini lenyewe hubaki kwenye akaunti ya aliyelitengeneza, limekosa tu folda ya kukaa. Hapo aliyelitengeneza ndiye wa kulitafuta. Aingie Drive yake, kwenye kisanduku cha kutafutia aandike is:unorganized owner:me, herufi kwa herufi, na mafaili yake yote yasiyo na folda yatajitokeza. Kama hamkumbuki nani alitengeneza lipi, fungueni folda husika, bofyeni alama ya maelezo yenye herufi i ndani ya duara, kisha mtazame sehemu ya shughuli. Pale pameandikwa nani aliondoa nini na siku gani.

La pili, pakueni folda nzima leo. Mtu yeyote mwenye ruhusa ya kuifungua anaweza kubofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya folda na kuchagua kupakua. Mtaletewa zip moja au kadhaa, yaani mafaili yaliyobanwa pamoja, na majedwali ya Google Sheets yatageuzwa kuwa mafaili ya Excel. Ziwekeni kwenye kompyuta ya ofisi na kwenye diski nyingine ya pembeni. Kisha mpigieni simu yule mwalimu aliyeondoka, mumwombe kwa heshima asifute chochote mpaka mtakapomwambia. Simhisi vibaya hata kidogo. Ila mtu akihamia kazi mpya na Gmail yake ikaanza kulalamika kwamba imejaa, atafuta alichoona hakimhusu tena, na kitu cha kwanza kisichomhusu ni mitihani ya shule yenu.

Sasa tuje kwenye maswali yako.

Mafaili yanakaa wapi? Kwenye kompyuta za watu wengine. Jina la wingu linapoteza watu wengi, lakini kinachozungumzwa ni majengo halisi yenye umeme wa uhakika, jenereta, mitambo ya kupooza joto, na diski zilizopangwa safu kwa safu. Google anayo ya aina hiyo Hamina nchini Finland, Saint-Ghislain nchini Ubelgiji, Council Bluffs katika jimbo la Iowa huko Marekani, na kwingineko. Faili lako likifika huko hukatwa vipande, na kila kipande huwekewa nakala kwenye diski zaidi ya moja, kwa sababu kwenye majengo makubwa namna hiyo kuharibika kwa diski ni jambo la kila siku na kazi lazima iendelee. Flashi iliyoko mfukoni mwa mwalimu wa zamu haina mwenzake wa kushika nafasi yake siku ikikataa kusomeka.

Hata hivyo majengo ni majengo. Usiku wa kuamkia 10 Machi 2021, jengo moja la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea kwa moto. Kampuni hiyo hukodisha seva, yaani kompyuta za kutunza na kuhudumia data, kwa hiyo huduma yake si sawa na Drive mnayotumia, lakini kuna la kujifunza: wateja waliokuwa na nakala mahali pengine waliendelea na kazi, na kuna waliotegemea jengo lile peke yake ambao data zao hazikurudi tena.

Swali la pili, mafaili ni ya nani, ndilo ninalotaka tukae nalo, kwa sababu karibu kila tatizo mlilonalo linatokana nalo. Mlidhani mna folda ya shule. Kwa macho ya Google, shule haipo. Kuna akaunti ya mtu mmoja, na ndani yake kuna folda ambayo watu wengine wamekaribishwa. Ninyi walimu ni wageni kwenye nyumba ya mtu: mmepewa chumba, mmepewa ufunguo, mnapika na kulala humo, lakini hati ya nyumba ina jina lake. Akifunga akaunti yake, mafaili aliyoyamiliki yanaondoka nayo, na hakuna barua ya mkuu wa shule yenye mhuri itakayoyarudisha.

Tena kuna ugumu mwingine ambao wengi hawaujui. Kumiliki folda hakumaanishi kumiliki kilichomo. Katika akaunti za kawaida za Gmail, faili ni la yule aliyelitengeneza au aliyelipakia, hata kama ameliweka kwenye folda ya mwingine. Kwa hiyo ndani ya folda yenu moja inawezekana mtihani wa Jiografia ni wa mwalimu wa Jiografia, alama za kidato cha pili ni za kwako, na ratiba ni ya mwalimu aliyeondoka. Kila mmoja anaweza kuondoka na chake. Hata nafasi inahesabiwa hivyo hivyo: Gmail ya bure ina GB 15, nazo hugawanywa kati ya barua pepe, Drive na picha za Google Photos, na kila faili hula nafasi ya mmiliki wake. Akaunti ikijaa, Gmail nayo huacha kupokea barua. Ndiyo maana nasema mwalimu yule atakuja kufuta tu, siku moja.

Basi mkitaka kujua faili fulani ni la nani, fungueni Drive kwenye kompyuta, mpange kwa orodha badala ya picha ndogondogo, na mtazame safu ya mmiliki. Kaeni wawili, mmoja asome na mwingine aandike. Mtashangaa ni majina mangapi yatatoka, pengine hata ya walimu wa mazoezi waliokuja kwa muhula mmoja wakaenda zao.

Mmiliki anaweza kuhamisha umiliki, na hilo ndilo la kumwomba mwalimu wenu mkiwa bado mnaelewana. Anachagua mafaili, anamteua mmiliki mpya, na mmiliki mpya anapokea ombi na kulikubali. Angalieni mambo mawili. Akihamisha folda peke yake, vilivyomo ndani havihamii, kwa hiyo achague mafaili yenyewe. Na mkija kuwa na akaunti rasmi za shule, umiliki haukubali kuvuka kutoka Gmail binafsi kwenda akaunti za taasisi; hapo njia ni kufanya nakala, au kupakua na kupakia upya. Nakala haibebi historia ya mabadiliko ya faili la awali, basi kama kuna faili ambalo historia yake ni muhimu, kwa mfano alama zilizowahi kulalamikiwa na mzazi, lihifadhini la zamani pia mpaka lalamiko liishe.

Hebu sasa tumtazame mwenzenu aliyekuwa anatafuta nafasi, kwa sababu naona mnamlaumu kuliko anavyostahili. Alifanya kitu ambacho kila mtu aliyezoea flashi angefanya. Kompyuta ya ofisi ina programu ya Drive. Programu hiyo huweka folda inayofanana kabisa na folda nyingine yoyote kwenye Windows, yenye majina yaleyale na alama zilezile. Yeye akaona vitu vingi, akajua viko kwenye wingu, akajiambia: huku nifute, kule vitabaki. Lakini kazi ya programu ile ni kusawazisha, yaani kuhakikisha kinachoonekana kwenye kompyuta na kilichoko kwenye seva ni kitu kimoja. Ukiongeza neno moja kwenye faili, linapanda na kushuka kwa wenzako wote. Na ukifuta, kufuta nako kunapanda na kushuka kwa wenzako wote, kwa uaminifu uleule. Programu haiwezi kujua kwamba ulikusudia kufuta hapa tu.

Kusawazisha si kuweka akiba. Ningependa sentensi hii ibandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya taaluma. Huduma za kusawazisha zilienea kwa sababu zilimwondolea mtu kazi ya kubeba flashi huku na huko; Dropbox ilianzishwa mwaka 2007 kwa shabaha hiyohiyo, na Google Drive ikaja Aprili 2012. Zinatatua tatizo la kuwa na faili moja mahali pengi. Hazitatui tatizo la kosa, maana kosa nalo husawazishwa. Kirusi kikiingia kwenye kompyuta ya ofisi kikayafunga mafaili kwa nywila kisha kikadai fedha, mafaili yaliyofungwa ndiyo yatakayopanda kwenye wingu na kuchukua nafasi ya mazima.

Kama shida ni nafasi, kuna namna sahihi ya kuipata. Kwenye programu ya Drive, faili huweza kuonekana kwenye kompyuta bila kukaa humo: jina lipo, mwili uko kwenye seva, na hushushwa ukilifungua. Unachofanya ni kubofya kitufe cha kulia juu ya faili na kuondoa agizo la kulifanya lipatikane bila intaneti. Wanaotumia OneDrive, huduma kama hiyo ya Microsoft, wana alama zilizo wazi zaidi. Kiwingu cha bluu kisicho na rangi ndani kinamaanisha faili liko kwenye seva tu. Duara jeupe lenye alama ya vema ya kijani kinamaanisha limeshushwa, na kompyuta inaweza kuliachia. Duara lililojaa kijani kinamaanisha umeagiza libaki hapo daima. Kwa hiyo mtu anayetaka nafasi haguswi na neno kufuta hata mara moja; anatafuta agizo la kuachia nafasi.

Tofauti nyingine ya msingi ni kati ya jedwali la Google Sheets na faili la Excel lililowekwa kwenye folda ya pamoja. Watu huyachanganya, kisha hulaumu mtandao. Mkifungua jedwali la Google kwenye kivinjari, kila herufi mnayoandika hutumwa kwa seva kama badiliko dogo, seva huyapanga mabadiliko hayo kwa zamu na kumrudishia kila mtu. Walimu kumi wanaweza kujaza alama za darasa moja kwa wakati mmoja, kila mmoja safu yake, na mnaona vidole vya wenzenu vikitembea. Faili la Excel linalofunguliwa kwa programu ya Excel kutoka kwenye folda ya Drive haliendi hivyo. Linapanda likiwa zima kila linapohifadhiwa. Mwalimu wa Kemia akilifungua asubuhi akiwa hana bando, akajaza, na mwalimu wa Historia akalifungua nyumbani mchana akajaza ya kwake, kutakuwa na mafaili mawili yanayogombea jina moja. Dropbox hutunza yote mawili, na la pili hulipa jina lenye maneno yanayosema ni nakala iliyogongana. Programu nyingine humwacha wa mwisho ashinde, na kazi ya mwenzake hubaki nyuma kama toleo la zamani. Kwa kujaza alama za pamoja, tumieni Google Sheets. Excel iwe ya mtu mmoja anayekokotoa wastani na kuchapisha ripoti.

Hayo matoleo ya zamani ni hazina, na shule nyingi hazijui kama ipo. Faili lililoharibiwa na mtu aliyejaza kimakosa halihitaji kuandikwa upya. Kwenye Google Sheets kuna historia ya matoleo inayoonyesha nani aliandika nini, kwa rangi, na mnaweza kurudi kwenye hali ya juzi. Kwa mafaili ya kawaida kama Excel, Word na PDF, Drive hutunza matoleo ya nyuma kwa siku 30 au mpaka yafike 100, labda muweke alama kwamba toleo fulani libaki daima. Matokeo yakishaidhinishwa na kikao cha walimu, toleo hilo wekeni alama siku ileile.

Kuhusu ruhusa nitasema kidogo tu, lakini ni kidogo kinachoweza kuvujisha mtihani. Kuna ngazi tatu: mtu wa kutazama, mtu wa kutoa maoni, na mtu wa kuhariri. Shule nyingi humpa kila mtu ya tatu kwa sababu ni rahisi. Wengi hawahitaji. Halafu kuna kiungo. Faili likiwekwa kwamba yeyote mwenye kiungo anaweza kulifungua, basi kiungo chenyewe ndicho ruhusa. Hakuna anayeulizwa jina. Ukikituma kwenye kundi la WhatsApp la walimu, mmoja akakipeleka mbele kwa bahati mbaya, mwanafunzi wa kidato cha nne atafungua mtihani akiwa kitandani na Drive haitamuuliza ni nani. Mafaili ya mitihani yawe kwa waliotajwa kwa anwani zao za barua pepe peke yao.

Ruhusa pia hushuka kutoka folda ya juu kwenda za chini. Mkiwa na folda kubwa ya Taaluma iliyofunguliwa kwa walimu wote, na ndani yake mkaweka folda ya Mitihani, kwa kawaida walimu wote watakuwa na mitihani. Kwa hiyo pangeni folda kwa kufuata nani anaruhusiwa kuona, halafu ndani yake ndiyo mpange kwa kidato na somo. Moja ya walimu wote, moja ya kamati ya mitihani, moja ya ofisi ya mkuu na mhasibu, kila moja ikisimama peke yake. Hapa shule nyingi hupanga kinyume, kwa masomo kwanza, kisha hutumia mwaka mzima kuziba matundu.

Sasa tuzungumzie flashi ya mkuu wa shule, maana hoja yake ina ukweli ndani yake. Anataka kitu anachoweza kukishika. Ana haki. Asichopaswa kufanya ni kukifanya hicho kuwa makao makuu. Flashi huzunguka kati ya kompyuta za ofisini, steshenari za kuchapisha na simu za watu, na nadhani hata kwenu mmeshaona folda zote zikigeuka kuwa vijialama vya njia za mkato baada ya kuchomekwa mahali pabaya. Kanuni inayotumiwa na wanaotunza data ni nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali na jengo. Wingu ni nakala mojawapo. Diski ya nje, inayochomekwa siku ya kunakili tu kisha ikafungiwa kwenye kabati la chuma la mkuu wa shule, ni nyingine, na kirusi hakiwezi kuifikia ikiwa haijachomekwa. Ya tatu yaweza kuwa kompyuta ya ofisi.

Ila mnaponakili kwenda kwenye diski, jihadharini na hili, kwa sababu limewaumiza watu makini kabisa. Mkifungua folda ya Drive kwenye kompyuta, majedwali ya Google yanaonekana kama mafaili yenye mwisho wa .gsheet, na hati zina mwisho wa .gdoc. Hayo si majedwali wala hati. Ni anwani tu, inayoelekeza kivinjari kwenda kwenye seva. Mkiyakokota kwenda kwenye diski mtabeba anwani mkaacha mali. Akaunti ikifungwa, mtabaki na folda iliyojaa majina matupu. Njia sahihi ni ile niliyotaja mwanzo ya kupakua kutoka kwenye kivinjari, inayoyageuza kuwa Excel na Word, au kutumia Google Takeout, huduma ya Google ya kupakua data zako, kwa akaunti nzima. Mkimaliza, pelekeni diski kwenye kompyuta nyingine iliyozimwa intaneti, na mfungue alama za kidato chochote. Zikifunguka mna nakala. Zisipofunguka, hamna, hata kama diski inaonyesha imejaa.

Mkuu wa shule anaweza pia kuuliza habari ya mtandao kukatika, na ni haki yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika kwa pamoja, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Kwa siku kama hizo, chagueni mafaili machache yasiyoweza kusubiri, mathalani ratiba, orodha za majina na mawasiliano ya wazazi, na muagize yapatikane bila intaneti kwenye kompyuta ya ofisi. Si yote. Machache.

Kuna na sheria, ambayo shule binafsi nyingi bado hazijaitazama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Taasisi zinazokusanya na kuchakata taarifa za watu zinatakiwa kujisajili, taarifa zinazohusu watoto zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti, na kuna masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi. Mafaili yenu yanalala nje ya nchi, kwa hiyo jambo hili linawahusu moja kwa moja. Kuwa na majina ya wanafunzi, maradhi yao na simu za wazazi wao kwenye Gmail ya mtu ambaye si mwajiriwa wenu tena ni hali ambayo mkiulizwa hamtakuwa na jibu.

Tubaki au tuondoke? Bakini, lakini hameni kwenye nyumba ya mtu mwende kwenye yenu. Google hutoa kifurushi cha taasisi za elimu bila malipo kwa shule inayothibitishwa kuwa ni shule, nacho huja na hifadhi ya pamoja ya TB 100 kwa taasisi nzima. Mtahitaji jina la kikoa, yaani anwani ya shule kwenye intaneti, na kwa Tanzania lipo tawi la shule linaloishia na .sc.tz, hilo hulipiwa kila mwaka na ndilo gharama yenu kubwa ya kudumu. Ndani ya kifurushi hicho kuna hifadhi za pamoja ambazo mmiliki wake ni taasisi yenyewe. Faili likiwekwa humo ni la shule, na aliyeliweka akiondoka linabaki lilipo. Hilo ndilo mlilodhani mnalo tangu mwanzo.

Likichelewa, kuna njia ya kuvukia. Fungueni Gmail moja kwa jina la shule, namba ya simu ya kuirejesha iwe laini ya shule wala si ya mtu, na muwashe uthibitishaji wa hatua mbili, yaani baada ya nywila kudaiwe pia uthibitisho wa pili. Nywila yake ijulikane na watu wawili tu, wewe na mkuu wa shule. Msiigawe kwa walimu wote wakaingilia humo, kama nilivyoona kwingi. Hapo kila kitu huonekana kimefanywa na mtu mmoja, na historia niliyoisifu inakosa maana. Walimu waalikwe kwa anwani zao wenyewe. Na kwa kuwa faili ni la aliyelitengeneza, akaunti ya shule ndiyo itengeneze majedwali matupu ya alama mwanzoni mwa muhula, walimu wajaze tu. Kwa njia hiyo umiliki utabaki shuleni hata bila kulipia chochote.

Mkishakuwa na akaunti za taasisi, mtu akiaga, msimamizi asianze kwa kufuta akaunti yake. Aisimamishe kwanza, ahamishie mafaili yake kwa anayepokea kazi, ahakiki kwamba yamefika, kisha ndipo aifute. Ikitokea ameifuta mapema kwa haraka, ana siku 20 za kuirejesha kutoka kwenye ukurasa wa usimamizi, na baada ya hapo hairudi.